Namna Mtoto Anavyoweza Kukipa Tabia Kizibo cha Soda

Mtoto akiombwa achore fisi mwenye uroho, aghalabu huchora mnyama mwenye meno makubwa na tumbo nene, kisha huandika pembeni neno "fisi", kwa kuwa ana shaka kwamba mtazamaji atamtambua. Wale wasio na mkono mwepesi hukata tamaa mapema zaidi. Huifuta picha mara mbili tatu mpaka karatasi ikatoboka, na mwishowe husema kwamba hawana hadithi. Si kweli. Jioni ile ile mtoto yule yule huweza kuwasimulia wenzake habari za fisi huyo, akachuchumaa, akanusa, akachungulia, akarudi nyuma, na kila mmoja akamwona fisi mbele yake. Kilichomshinda mchana ni kuitia tabia katika mchoro mmoja usiosogea. Katika makala haya tunakusudia kueleza ufundi unaomwezesha mtoto kuiweka tabia hiyo mahali pengine kabisa, yaani katika mwendo. Ufundi huo umesimama juu ya fizikia na juu ya elimu ya namna akili ya binadamu inavyoona, kwa hiyo hapana budi kuanza na misingi hiyo.

Ufundi wenyewe huitwa uhuishaji, kwa maana ya kukitia uhai kitu kisichokuwa nao. Kitu hicho, kiwe mchoro, kipande cha karatasi, sanamu ya udongo au kizibo cha soda, huwekwa mbele ya kamera na kupigwa picha moja. Kisha husogezwa kidogo na kupigwa picha ya pili, husogezwa tena, na kuendelea. Picha hizo zikionyeshwa mfululizo kwa haraka, kitu huonekana kwenda chenyewe. Filamu za sinema huonyesha picha 24 kila sekunde, lakini wahuishaji wengi hutumia kila mchoro mara mbili, yaani michoro 12 kwa sekunde, na jicho halinung'uniki. Kwa shughuli za darasani hesabu ya 12 yatosha, nayo ndiyo tutakayoifuata hapa. Filamu ya sekunde 10 itahitaji basi picha 120, na ya dakika moja picha 720. Mwalimu aliyekwisha kuifanya hesabu hii hatawaahidi watoto filamu ya nusu saa.

Kwa nini tunaona mwendo mahali ambapo hapana mwendo? Vitabu vingi hujibu kwamba jicho hubakiza picha iliyopita kwa muda mfupi, nayo huungana na picha inayofuata. Jibu hili limeenea sana, ila halitoshi. Ni kweli kwamba jicho hubakiza mwanga kidogo. Ndiyo sababu kijinga cha moto kikizungushwa upesi gizani huacha duara la mwanga. Lakini hebu tuyaangalie matokeo hayo: kinachoachwa ni duara, yaani alama za mahali pote moto ulipopita, zikiwa zimeshikana. Kama picha za filamu zingekuwa zinarundikana jichoni kwa namna hiyo, tungeona lundo la fisi waliopandana, wala tusingemwona fisi mmoja anayetembea.

Mwaka 1912 mwanasaikolojia Max Wertheimer alitangaza matokeo ya majaribio aliyoyafanya katika mji wa Frankfurt, Ujerumani. Aliwaonyesha watu mistari miwili, mmoja baada ya mwingine, huku akibadili muda uliopita kati yake. Muda ulipokuwa mfupi mno, watazamaji waliiona mistari yote miwili kwa pamoja. Ulipokuwa mrefu, waliona mmoja ukitoweka na mwingine ukitokea. Lakini muda ulipokuwa karibu sehemu 60 za elfu moja ya sekunde, waliona mstari mmoja tu, unaosogea kutoka mahali pa kwanza hadi mahali pa pili. Hakuna kilichosogea. Mwendo ule uliundwa na ubongo wa mtazamaji mwenyewe. Katika filamu yetu ya picha 12 kwa sekunde, kila picha hufuata nyingine baada ya sehemu 83 za elfu, muda usio mbali sana na ule wa Wertheimer.

Jambo hili lina uzito mkubwa kwa mwalimu. Kama mwendo huundwa na ubongo wa mtazamaji, basi mtoto hana haja ya kuuchora. Kazi yake ni kupanga nafasi iliyopo kati ya picha na picha, na mtazamaji atamalizia yaliyobaki. Norman McLaren, mhuishaji mzaliwa wa Uskoti aliyefanya kazi yake kubwa nchini Kanada, alishikilia kwamba yanayotokea baina ya picha mbili yana maana zaidi kuliko yaliyomo ndani ya kila picha. Kwa maoni yetu hakuna kanuni inayomfaa zaidi mtoto asiyejua kuchora.

Wanafunzi wa fizikia wana chombo kinachoieleza kanuni hii vizuri kuliko maneno. Ni kile chombo cha maabara kinachopiga nukta 50 kila sekunde juu ya utepe wa karatasi unaovutwa na kigari. Kigari kikienda kwa mwendo ule ule, nukta huachana kwa nafasi sawa. Kikiongeza mwendo, nafasi hupanuka. Kikipunguza, nukta husongamana. Mwanafunzi husoma utepe na kueleza kigari kilivyokwenda. Mhuishaji huanzia upande wa pili: hupanga nukta kwanza, kisha mwendo hutokea.

Jaribio la kufanya ni hili. Weka kizibo cha soda upande mmoja wa meza na kiberiti upande wa pili, vikiwa vimeachana sentimita 60. Mara ya kwanza sogeza kizibo sentimita 2 kila picha hadi kikigonge kiberiti. Zitatoka picha 30, yaani sekunde mbili na nusu. Watoto wakionyeshwa watasema kizibo "kinavutwa na uzi". Mara ya pili anza na milimita 2, kisha 5, kisha sentimita 1, 2, 3, halafu punguza tena vivyo hivyo kadiri kinavyokaribia. Safari hii watasema kizibo "kinakwenda". Mara ya tatu kiache kiende vizuri mpaka kimebakiza sentimita 10 kukifikia kiberiti. Hapo kisimamishe kwa picha 6 bila kukigusa. Kirudishe nyuma sentimita moja. Kisimamishe tena kwa picha 8, kisha kipitishe kwa kasi pembeni ya kiberiti kwa picha 3 tu. Aghalabu hapo watoto husema kizibo kimeogopa, na baadhi yao hucheka. Kizibo hakina macho wala miguu. Hofu yote imetokana na picha 14 ambazo hapakusogezwa kitu, na sentimita moja ya kurudi nyuma.

Mambo haya yamekwisha kuchunguzwa. Mwaka 1944 Fritz Heider na Marianne Simmel, waliokuwa katika Chuo cha Smith huko Massachusetts, Marekani, walitangaza habari za filamu fupi waliyoitengeneza kwa njia hii hii ya picha moja moja. Ndani yake mlikuwa na pembetatu kubwa, pembetatu ndogo, duara dogo, na mstatili wenye upenyo unaofunguka kama mlango. Waliwaonyesha watu 34 na kuwaomba waandike waliyoyaona. Ni mmoja tu aliyeandika habari za maumbo ya hesabu yanayosogea. Waliobaki waliandika visa vya viumbe hai: mgomvi anayemwandama mnyonge, aliyekimbilia ndani, waliomponyoka. Pembetatu kubwa ilipewa tabia ya ukorofi, ingawa haikutofautiana na ile ndogo ila kwa ukubwa na kwa namna ilivyokwenda. Yamkini akili yetu huuliza swali moja juu ya kila kitu kinachosogea: je, kimesukumwa, au kimetaka chenyewe? Kitu kinachoanza kwenda bila ya kuguswa, kinachosimama kabla ya kugonga, kinachogeuka mbele ya kingine, hicho mara moja tunakipa nia. Na kikishapewa nia, tabia huwa haiko mbali.

Kwa hiyo wahusika wa hadithi wanatakiwa watii sheria mbili kwa pamoja, ile ya vitu na ile ya viumbe. Tuanze na ya vitu, maana mtazamaji hatamwamini mhusika asiye na uzito. Kitu kinachoanguka huongeza mwendo wake kwa namna ambayo Galileo aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1638: nafasi zinazopitwa katika vipindi vilivyo sawa hufuatana kama 1, 3, 5, 7, 9. Kwa picha 12 kwa sekunde, jiwe likiachiwa litashuka sentimita 3.4 katika picha ya kwanza, kisha 10.2, kisha 17, kisha 23.8, na kuendelea. Ikiwa mhusika wetu wa karatasi ana urefu wa sentimita 15 naye anamwakilisha mtu wa mita moja na nusu, kila kitu kimepunguzwa mara kumi. Basi embe linalomwangukia litashushwa milimita 3, kisha 10, kisha 17, kisha 24. Mwanafunzi wa sekondari anayewasaidia wadogo zake anaweza kuwatengenezea kipimo cha karatasi chenye alama hizo, wao wakakitumia bila kujua hesabu iliyomo. Unyoya, kwa kuwa huzuiwa na hewa, hushuka polepole kwa hatua zinazokaribia kuwa sawa huku ukiyumba. Mtoto akiubadilisha mpango wa hatua hizi kati ya embe na unyoya, ataona embe likipoteza uzito wake lote, ingawa mchoro ni ule ule.

Hali kadhalika kwa mwendo wa wanyama. Mguu unaopelekwa mbele hubembea mfano wa pendulamu, na pendulamu iliyo ndefu mara nne huchukua muda maradufu kwenda na kurudi. Ndiyo maana tembo huonekana kama ana subira na panya kama ana wasiwasi. Mtoto atakayempa tembo wake picha 12 kwa kila hatua na panya picha 3 amekwisha kuwatofautisha hata kama wote wawili ni vipande vya boksi.

Sheria ya viumbe haina kanuni za hesabu, lakini inajulikana na kila mtu aliyewahi kumtazama paka. Paka kabla ya kuruka hujikusanya; hurudi nyuma kidogo, hutulia, ndipo hufyatuka. Kule kujikusanya humwambia mtazamaji kwamba jambo linakuja na kwamba mwenye kulifanya amelikusudia. Mhusika akiruka bila kujikusanya huonekana amerushwa. Katika studio ya Walt Disney wahuishaji walikuwa na zoezi mashuhuri la kuchora gunia la unga lililojaa nusu, wakitakiwa walifanye lifurahi, lihuzunike, lione haya, kwa kulikunja na kulinyoosha tu. Gunia halina uso. Zoezi hilo twaweza kulifanya kwa mfuko mdogo wa kitambaa uliotiwa mchanga, na lingefaa litangulie masomo ya kuchora nyuso, maana mtoto akishapewa uso huweka machozi mawili mashavuni na kuhesabu kwamba amemaliza kazi ya huzuni.

Wapo mabingwa waliojenga kazi yao yote juu ya wahusika wasio na nyuso. Lotte Reiniger wa Ujerumani alikata watu na wanyama kwa karatasi nyeusi nzito, akaviunga viungo vyao kwa waya, akawalaza juu ya kioo kilichomulikwa kwa chini, na kuwasogeza picha baada ya picha. Filamu yake ya Mwana wa Mfalme Achmed, iliyokamilika mwaka 1926 baada ya kazi ya miaka mitatu, ndiyo filamu ndefu ya kuhuishwa iliyo ya kale kuliko zote zilizosalia duniani. Visa vyake vilitokana na hadithi ambazo wasomaji wa Kiswahili wanazifahamu kwa jina la Alfu Lela Ulela. Watu wake ni vivuli vitupu. Hasira na mapenzi yao yamo katika pembe ya shingo na katika mwendo wa kiganja. Katika bara letu Moustapha Alassane wa Niger alitoa mwaka 1966 filamu fupi ya michoro juu ya rais aliye chura anayekwenda kuzuru nchi nyingine. Kwa vyura wachache na heshima zote za ziara rasmi, aliweza kuwacheka wakubwa wa zama zake. McLaren naye, tuliyemtaja, alitumwa na UNESCO kwenda China mwaka 1949 na baadaye India, kuwafundisha wachoraji njia za gharama ndogo za kutengeneza picha za kuelimisha umma. Ufundi huu basi haukupata kuwa mali ya matajiri peke yao.

Darasani mahitaji ni machache. Simu moja ya mwalimu yenye kamera yatosha kundi la watoto watano. Ilazwe juu ya rula mbili zilizopitishwa kati ya marundo mawili ya vitabu, jicho lake likitazama meza, nayo isiguswe tena mpaka kazi imalizike. Kamera ikitikisika, dunia yote ya filamu hutikisika. Jambo la pili ni mwanga. Jua la dirishani hubadilika kila wingu linapopita, na filamu itametameta kama taa inayotaka kuzimika. Ni afadhali madirisha yafungwe na taa moja iwashwe. Watoto wasisimame kati ya taa na meza. Programu za kuunganisha picha zipo za bure, na tofauti zake si za kutushughulisha hapa.

Pasipo simu kuna daftari. Mwaka 1868 Mwingereza John Barnes Linnett alipata hataza ya kitabu kidogo ambacho kurasa zake zikiachiliwa kwa kidole gumba picha zake husogea, na watoto wengi wamekivumbua upya wenyewe kwenye pembe za madaftari yao, aghalabu wakati wa somo jingine. Karatasi 24 huleta sekunde mbili hivi. Kwa kisa kimoja kidogo, sekunde mbili ni nyingi.

Wahusika wa kuanzia wawe wa karatasi, wenye viungo viwili au vitatu tu, vilivyofungwa kwa uzi wenye fundo pande zote mbili. Kabla ya kupiga picha hata moja mtoto aulizwe maswali matatu: mhusika wako anataka nini, anaogopa nini, na akienda huendaje? Kisha ainuke aende yeye mwenyewe kama mhusika huyo, huku mwenzake akihesabu. Mtoto atakayemwigiza fisi ataharakisha hatua nne, atasimama ghafula, atatazama nyuma, ataendelea. Mwenzake ataandika: hatua nne, kila moja picha 4, kusimama, picha 10, kugeuka, picha 3. Karatasi hiyo ya hesabu ndiyo hadithi yake. Msimulizi wa jioni alikuwa akiifanya kwa mwili wake bila kuiandika.

Hapa ndipo mwalimu anapopatwa na kishawishi. Fisi wa mtoto ana miguu mitano, mkia umetokea mgongoni, na mkono wa mwalimu unawasha. Ataomba penseli "arekebishe kidogo". Akishafanya hivyo, fisi si wa mtoto tena, na mtoto analijua hilo kabla ya mwalimu. Mama Yvonne Andersen, aliyeanzisha mwaka 1963 karakana ya watoto iliyoitwa Yellow Ball huko Lexington, Massachusetts, na ambaye mwaka 1970 alitoa kitabu cha kuwaelekeza waalimu, aliwaachia watoto watengeneze filamu zao wenyewe kwa karatasi, kwa udongo, na hata kwa kuchora juu ya utepe wa filamu pasipo kamera. Mwalimu afundishe kamera, taa na hesabu ya picha bila kusita. Mchoro na kisa aviache. Akiona kwamba mwendo haueleweki, aulize swali juu ya muda: je, fisi alifikiri kwa picha ngapi kabla ya kuiba? Swali hilo mtoto anaweza kulijibu kwa vidole vyake mwenyewe.

Inafaa kukumbuka kwamba watoto wetu wa leo si wageni wa picha hizi. Tangu mwaka 2010 wapo walioona hadithi za wanyama zilizotengenezwa Nairobi kwa mtindo wa michoro ya Tingatinga, na tangu mwaka 2014 wapo wanaotazama Ubongo Kids kutoka Dar es Salaam. Kazi hizo ni nzuri, nasi twazifurahia. Lakini aliyeketi mbele ya televisheni ni mtazamaji, na mtoto mwenye haya, ambaye darasani hanyanyui mkono na ambaye sauti yake haifiki safu ya pili, anaweza kutazama miaka kumi bila mtu yeyote kujua ana kisa gani. Mtoto wa namna hiyo mara nyingi ndiye mwenye subira ya kusogeza kizibo milimita mbili mara arobaini. Filamu yake ikionyeshwa, hahitaji kusimama mbele ya wenzake na kusema neno.

Maonyesho yenyewe yafanywe bila maelezo. Mwenye filamu anyamaze, na watazamaji waulizwe: huyu ni nani, anataka nini, ameogopa wapi? Yanayosemwa yaandikwe ubaoni, kisha yalinganishwe na karatasi ya hesabu. Ikiwa mtoto alikusudia fisi aone haya na darasa zima likasema fisi amechoka, hakuna haja ya kuchora upya. Pengine kichwa kiliinama kwa picha nyingi mno, 12 badala ya 5, au hakikunyanyuka upesi fisi alipoitwa. Karatasi zirudishwe mezani, taa iwashwe, picha saba zitolewe, na filamu ionyeshwe mara ya pili kabla kengele haijalia.